Wasichana Ishirini na Sita

Siku Zuberi alipomwona Mama Martin kwa mara ya kwanza, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la jiko la shule, na yeye alikuwa amesimama mlangoni na shoka begani kwa muda mrefu kiasi cha kujionea aibu mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka 1999. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mlinzi wa getini alikuwa amemwambia aende jikoni akaulize habari za kazi ya kuni, naye akaenda, akafika, akashindwa kupiga hodi.

Ndani mwanamke wa miaka arobaini hivi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Uliyesimama hapo sema au sogea," alisema. "Unaniziba mwanga."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetoka kwenu na shoka kuja kuniamkia tu?"

Wapishi wakacheka. Zuberi akajitahidi akasema amekuja kwa ajili ya kuni. Yule mama akamtazama sasa, kuanzia kwenye raba zilizotatuka mpaka kwenye kofia, akamwuliza ni mtoto wa nani na ametokea wapi. Alipojibu kwamba anatoka ng'ambo ya bonde, kwa wauza karoti, mama akatikisa ungo na kusema kwamba watu wa huko huwa wanaongea sana, labda huyu walimsahau siku ya kugawa midomo. Kisha akamwonyesha rundo la magogo ya mikaratusi nyuma ya jiko. Hakuna aliyemwajiri kwa barua wala kwa kikao. Alipasua magogo mpaka jioni, kesho yake akarudi, na amekuwa akirudi tangu hapo.

Shule yenyewe iko juu ya Lushoto, kwenye kilima cha Kwemkuyu. Ni shule ya masista, ya wasichana watupu, na katika mkoa mzima inajulikana kwa jambo moja: msichana akiingia pale akatulia, chuo kikuu anafika. Wazazi wanatoka Muheza, wanatoka Tanga, wanatoka hata Dodoma kuja kuomba nafasi. Waislamu wanaleta mabinti zao, Walutheri wanaleta wa kwao. Zuberi, ambaye aliishia darasa la saba, alizoea kuwaona wakiingia na ndoo mpya na magodoro, wanalia, halafu miaka sita baadaye wanatoka na miwani, wanamwita kwa jina na kumwamkia bila kuinua macho kutoka kwenye simu za baba zao.

Yeye na wao waliishi mbali ingawa walikuwa uwanja mmoja. Dunia yake ilikuwa jiko: masufuria manne makubwa yaliyojengewa kwa matofali, bomba la moshi lililokuwa linaziba kila mwezi, na Mama Martin. Kazini hakuna aliyemwita Jenoveva isipokuwa masista. Alikuwa na ulimi mkali, ila mkono wake haukuwa mkali. Siku za sikukuu, nguruwe walipochinjwa, alimtengea Zuberi sufuria lake dogo na mwiko wake, akaviweka kwenye shubaka la juu, na ole wake mpishi ambaye angevigusa. Mwezi wa Ramadhani alimwekea uji wa kufuturia chini ya kawa, karibu na majivu, usipoe. Hakuwahi kusema kitu juu ya hayo. Fanueli, mpishi mkuu, alikuwa akimtania kwamba Mama Martin atasilimu kabla Zuberi hajaoa.

"Akioa yeye nitasilimu," Mama Martin alijibu. "Atamposaje mtu? Hata kuku akikaa kwenye kuni zake anamwomba radhi kwanza."

Ilimchukua Zuberi karibu mwaka kujua habari yake, na aliijua kwa Fanueli. Kwenye korido ya ofisi kulikuwa na picha nyeusi na nyeupe ya wanafunzi wa kwanza wa shule, wale wa mwaka 1974, wamesimama mbele ya banda la mifugo ambalo ndilo lilikuwa darasa lao. Siku hiyo yeye na Fanueli walikuwa wamebeba meza kuipeleka ukumbini. Fanueli akaitua, akaweka kidole kwenye kioo, juu ya msichana mwembamba wa mstari wa nyuma.

"Unamjua huyu?"

Zuberi akatazama. Ni taya alilolitambua.

"Ndiye," Fanueli akasema. "Alifika kidato cha tatu. Alikuwa wa pili darasani. Halafu Martin akaingia. Beba meza, na usije ukauliza."

Yaliyobaki aliyakusanya vipande vipande kwa miaka. Alikuwako kijana mmoja wa kiwanda cha mbao, akahamishwa, akapotea. Baba yake Jenoveva aliitwa shuleni, akashuka na sanduku la bati kichwani, binti yake akimfuata nyuma kwa hatua ishirini, na njia nzima mpaka kijijini hawakusemezana. Wakati huo ndivyo ilivyokuwa, msichana akipata mimba hana shule tena. Miaka mitatu baadaye alirudi kilimani na mtoto mgongoni, akaomba kazi ya kuosha vyombo. Sista Mkuu wa wakati ule, Mzungu, alimpa. Wenzake walikuwa wanafanya mtihani wa kidato cha sita huko walikoendelea, na yeye anaosha sahani za wadogo zao.

Mwenyewe hakulitaja jambo hilo hata siku moja. Na kwa kuwa hakulitaja, hakuna aliyelitaja mbele yake. Liliachwa pale katikati ya jiko, watu wanalizunguka kama wanavyozunguka sufuria la moto, bila kuligusa. Kila siku walimwita kwa jina la yule mtoto, na yeye aliitika.

Wasichana wengi hawakujua. Walichojua ni kwamba mama wa jikoni ana vituko. Msichana wa zamu ya kumenya viazi akiwa anakariri sehemu za ua huku anamenya, akikosea, Mama Martin alimsahihisha bila kugeuka. Mmoja aliwahi kuja na daftari la hesabu, amekwama. Mama akakausha mkono kwenye kanga, akatazama, akamrudishia. "Umegeuza alama hapa. Kaanze upya. Maharage yangu yataiva kabla yako."

Mwaka 2021 macho yalimzidi. Miaka arobaini na miwili ya moshi wa kuni za miwati na mikaratusi, na hospitali wakasema mtoto wa jicho ameshakomaa, tena upande mmoja hakuna cha kufanya. Akastaafu. Alipewa kitenge na picha ya Mama Maria yenye fremu, akashuka kwenye nyumba yake chini ya kilima, mwendo wa robo saa. Martin alikuwa dereva huko Muheza, anapanda mara moja moja na mfuko wa machungwa. Zuberi alimpelekea kuni kila Jumamosi. Alikaa kwenye kigoda nje, wakaongea Kishambaa, au hawakuongea.

Jubilei ya miaka hamsini ilitangazwa mwanzoni mwa mwaka 2024. Sista Asumpta, mkuu wa shule, alitaka kitabu. Si kikubwa, alisema, kitabu cha historia ya shule yetu, ili wasichana wajue walipoanzia. Kamati ikaundwa. Walimu wakahoji wazee. Na mwezi wa nane, siku ya Jumatatu, Sista akamwita Zuberi ofisini.

Zuberi alikaa kwenye ncha ya kiti. Sista Asumpta alikuwa mdogo kwake kwa miaka kadhaa, mpole, na siku hiyo hata yeye alikuwa anahangaika na kalamu. Akaeleza kwamba mwishoni mwa kitabu patakuwa na orodha ya wasichana wa kwanza, wote ishirini na sita, na mbele ya kila jina, alikuja kuwa nani. Yumo daktari, wamo walimu wakuu, yumo mmoja aliyekuwa jaji. Na Jenoveva yumo. Lakini jina lake likiandikwa, watu watauliza kwa nini hakumaliza. Hakutaka kumwaibisha mzee wa watu kwenye karatasi. Wala hakutaka kumfuta bila ridhaa yake. Angekwenda mwenyewe kumwuliza, alisema, lakini kuingia kwake na shela na msalaba, kuuliza jambo kama lile, ingekuwa kama kumfukuza mara ya pili.

"Wewe ni kama mwanawe," Sista akasema. "Kwako litakuwa jepesi. Mwulize kama anataka jina lake liandikwe. Ijumaa kazi inakwenda Tanga kuchapwa."

Zuberi akaitikia ndiyo, Sista. Hakuna namna nyingine aliyojua ya kuitikia.

Alikwenda Jumanne, akakuta jirani yuko pale anasuka mkeka, akarudi. Alikwenda Jumatano. Mama Martin alikuwa peke yake anaota jua, amejifunika kanga mbili, anakohoa. Walizungumza juu ya mvua. Walizungumza juu ya bei ya hoho. Zuberi alilipanga swali kichwani kwa Kiswahili, akalipanga kwa Kishambaa, na kila alipolipanga lilitoka na Martin ndani yake. Kuuliza kama anataka jina ni kuuliza kwa nini asilitake. Na kwao hakuna mtoto wa kiume aliyekaa mbele ya mama yake akamtajia mimba yake. Alikuwa amemwita mama kwa miaka ishirini na mitano. Kama angemwita dada labda angeweza.

"Leo una jambo," Mama Martin akamwambia.

"Hapana, mama."

"Haya."

Alhamisi alikwenda tena. Hakuuliza.

Ijumaa asubuhi Sista Asumpta alimkuta jikoni anachochea moto, gari limeshawashwa nje. Akamvuta kando, akamwuliza amesemaje.

"Hakusema kitu, Sista," Zuberi akajibu.

Ilikuwa kweli. Lakini alipokwisha kusema aliona uso wa Sista umebadilika, umekuwa na huruma, na akaelewa jinsi alivyoeleweka. Huko milimani mzee akiulizwa jambo zito akanyamaza, amekataa. Kila mtu anajua. Sista akatikisa kichwa taratibu, akasema ni haki yake, tumwache na amani yake, asante Zuberi. Akageuka. Zuberi alikuwa na neno mdomoni. Lilikuwa fupi, lingetosha: sikumwuliza. Lakini Sista alishafika mlangoni, na kumwita sista kwa nyuma, mbele ya wapishi, kwa sauti ya kufika huko, ni kitu ambacho Zuberi hakuwahi kukifanya maishani. Mlango wa gari ukafungwa. Akainama, akasukuma gogo ndani.

Kesho yake, Jumamosi, alipeleka kuni kama kawaida. Mama Martin alikuwa amechangamka. Fanueli alikuwa amepita kumjulia hali, akamwambia habari za kitabu.

"Nasikia wanatuandika sote tulioanza," alisema. "Fanueli anasema sote, kwa majina. Martin ana binti yake yuko darasa la sita kule Muheza, anajua kusoma huyo, hana mchezo. Nitamwambia baba yake amnunulie kimoja. Aone bibi yake alikuwa wapi."

Zuberi alikuwa anapanga kuni ukutani. Aliendelea kuzipanga. Alisubiri ashtuke, au moyo umwende mbio, lakini hapakuwa na kitu. Alihisi kama mkono unavyokuwa ukiulalia, upo, ni wako, lakini hauko. Alijiambia Jumatatu atakwenda kwa Sista amweleze, wapige simu Tanga. Jumatatu lori la kuni likaja na magogo mabichi, wakagombana na dereva mpaka mchana. Jumanne bomba la moshi likaziba. Baada ya hapo hakujiambia tena chochote. Alipasua kuni. Usiku alilala. Mke wake, Latifa, maana mwishowe alioa, alimwuliza mara mbili kama anaumwa, akasema haumwi, na alikuwa anasema kweli.

Jubilei ilifanyika mwezi wa kumi. Palikuwa na mahema, askofu, ngoma za wasichana, na mstari wa magari kutoka getini hadi barabara ya lami. Wanafunzi wa kwanza waliobaki, kumi na mmoja, walisimamishwa mbele wakavishwa mashada. Mama Martin hakuwapo. Kifua kilikuwa kimemshika tangu baridi ya Julai, hakikumwachia, sasa alikuwa wa kulala tu. Mama mmoja mnene mwenye fimbo, ambaye zamani alikuwa daktari, alikuja mpaka jikoni kumwulizia. Jenoveva yuko wapi? Zuberi akamwelekeza kwa mkono njia ya kushukia, lakini gari lake likaja kumchukua kabla hajaamua kama magoti yatamudu ule mteremko.

Jumapili Sista aligawa vitabu kwa wafanyakazi. Zuberi akapewa viwili, kimoja chake, kimoja cha Jenoveva. Akashuka navyo, na bakuli la pilau lililofungwa kwa kitambaa.

Mama Martin alikuwa amelala chumbani, dirisha wazi. Loveness, jirani yake, alikuwa anamkanda miguu. Zuberi alipotoa kile kitabu, mama akakipapasa, akakinusa, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kurasa. Akamwambia Loveness aende akapumzike. Akamwambia Zuberi asome.

"Mimi msomaji wa pole, mama."

"Mimi nina haraka ya kwenda wapi?"

Akasoma. Alisoma kama alivyofundishwa shule ya msingi, kidole chini ya mstari, nukta anazipumzikia. Alisoma jinsi masista walivyopewa shamba la mlowezi aliyeondoka, na jinsi darasa la kwanza lilivyokuwa banda la farasi.

"Ng'ombe," Mama Martin akasema. "Farasi gani? Tulikwangua sisi sakafu ile. Mavi ya ng'ombe nayajua."

Alisoma jinsi wasichana walivyobeba mawe kutoka mtoni kila Jumamosi mpaka kanisa likasimama. Mama akasema kweli, hilo kweli, akagusa utosi wake. Alisoma kuja kwa umeme, kuanzishwa kwa kidato cha tano, msichana wa kwanza kufika chuo kikuu. Mama alikuwa anatabasamu, macho yake meupe yameelekea darini. Pilau ilikuwa imepoa. Kisha Zuberi akafunua ukurasa, akaona kichwa cha habari, na majina yaliyopangwa kama yalivyoitwa asubuhi ya kwanza mwaka 1974.

Angeweza kufunga kitabu. Angeweza kusema macho yamechoka. Mama Martin alikuwa ametoa mkono nje ya blanketi na kukunja vidole, tayari kuhesabu.

Akasoma. Agata, mwalimu. Perpetua, muuguzi. Matilda, daktari. Vidole vya mama vilikuwa vinafunguka kimoja kimoja, mkono ukijaa anaukunja tena. Mahali fulani, katikati kidogo kuelekea mwisho, kidole kikabaki hewani, kisha mkono wote ukalala juu ya blanketi. Zuberi aliona. Aliendelea mpaka jina la ishirini na tano, ambalo lilikuwa la mwisho, na chini yake palikuwa na picha ya kanisa. Akavuta pumzi. Akaweka kidole juu ya picha ile, akasoma:

"Jenoveva Shemweta."

Hakuongeza alikuja kuwa nani. Nje mbuzi wa mtu alikuwa analia. Zuberi akafunga kitabu, akakiweka kando ya mto, akasema atamwita Loveness amletee maji ya moto. Hapo ndipo alipopaswa kumwambia, na alijua, akasimama akachukua bakuli lake.

Mama Martin alifariki siku ya Jumatano. Martin alipanda kutoka Muheza mchana wa siku hiyo hiyo. Zuberi alipasua kuni za msiba siku tatu, alichimba kaburi pamoja na wengine, alishika kamba upande wa miguu. Sista Asumpta alisoma wasifu, akasema marehemu alikuwa mpishi wetu mpendwa kwa miaka arobaini na miwili, na watu wakaguna kwa masikitiko. Fanueli alilia kwa sauti. Wengi walimshika Zuberi mkono, wakamwambia pole, maana wewe ndiye uliyekuwa mwanawe hapa, naye akajibu tumeshapoa. Alingoja machozi kama mtu anayengoja gari kijijini, bila kujua kama lipo. Udongo ulikuwa mzito kwa mvua. Hilo alilikumbuka baadaye, uzito wa udongo kwenye sepetu.

Na alikumbuka Jumapili. Alikuwa ameshafika mlangoni, bakuli mkononi, mama alipomwita. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa ile ile ya jikoni, ya kumrudishia msichana daftari.

"Zuberi. Mimi nilikuwa wa kumi na saba, baada ya Rosalia. Siku nyingine ukinisoma, nisome hapo."